Wakuu, madeni ya serikali za nje yanatugusaje sisi tunaotaka hatifungani huku Mtwara?

Mdau_wa_Chuno

Wakuu habari za jioni. Naomba kueleweshwa taratibu, mwenye kujua asinipite.

Mama yangu kastaafu uuguzi, kiinua mgongo kimeingia, hela imekaa tu benki. Mi nikamshauri anunue hatifungani za serikali za muda mrefu, yani aikopeshe serikali, ale kuponi (riba yake) kila miezi sita, maana nikiangalia njia nyingine huku kwetu ni ufuta, korosho au kangomba, na kangomba, ile ya kununua korosho za mkulima kwa bei ya kutupa kabla hajavuna, sitaki hata kuisikia, unamkamua mkulima mwenye shida halafu na sheria inakusubiri. Mama akakubali vizuri tu. Juzi mjomba wangu yuko Lindi akapiga simu akamwambia usithubutu dada, Ghana walionunua bondi za serikali yao walilia, Zambia ilishindwa kulipa, Marekani yenyewe Moody's, wale wanaopima uwezo wa serikali kulipa madeni, wameishusha daraja, sasa wewe na kiinua mgongo chako unaenda wapi. Mama kaogopa, kasema hela ikae hapo hapo.

Sasa mimi nataka kuelewa mwenyewe. Iweje serikali ya mbali huko ikibanwa na deni, riba zipande mpaka kwa nchi ambazo hazijakosa kitu? Na Marekani kushushwa daraja kunahusiana nini na hatifungani zinazouzwa na BoT, Benki Kuu yetu? Tafadhali majibu ya "mwambie anunue kiwanja" sihitaji, kiwanja anacho.

Mzee_wa_Shangani

Mdau, mpe mama hongera ya kustaafu salama. Ntaandika kirefu kidogo maana hili jambo watu wanalipita juu juu.

Chukua mtu ana hatifungani ya milioni moja inayolipa asilimia 10, yani laki moja kwa mwaka. Serikali ikianza kutiliwa shaka, mnada wa hatifungani unaofuata watu hawataki tena asilimia 10, wanataka 15. Ile ya zamani nani atainunua kwa milioni nzima wakati mpya inampa laki na nusu? Itabidi uishushe bei. Kuponi haijapungua hata senti, serikali haijakosa kulipa hata siku moja, lakini mali yako sokoni imeshuka. Hasara inaanzia hapo, kabla hata hajatokea mtu wa kushindwa kulipa.

Alafu ujue hizi karatasi hazikai kabatini. Mabenki, mifuko ya pensheni na kampuni za bima duniani wanazishika kama akiba salama na wanaziweka dhamana kukopeshana wao kwa wao, mara nyingi mkopo wa usiku mmoja tu. Bei ya dhamana ikishuka aliyekopesha anasema ongeza dhamana au rudisha hela yangu. Mdaiwa anatafuta cha kuuza haraka, na anauza kile kizuri, kwa sababu kibovu kwa wakati huo hakina mnunuzi. Ndo maana nchi ambayo haijakosa kitu inashtukia hatifungani zake zinamwagwa sokoni na riba yake inapanda.

Urusi Agosti 1998 ilisimamisha malipo ya hatifungani zake za ndani na ikaacha rubo, hela yao, ishuke. Marekani kulikuwa na mfuko wa uwekezaji unaitwa LTCM, umekopa kupita kiasi, na sehemu kubwa ya hela zake wala haikuwa Urusi. Woga ulipoingia kila mtu akakimbilia karatasi za serikali ya Marekani na kuacha nyingine zote, hesabu za LTCM zikageuka hasara kila upande, na mwezi uliofuata taasisi 14 za fedha zikachanga dola bilioni 3.6 kuunusuru, kikao kikiwa pale Federal Reserve ya New York, tawi la benki kuu yao.

Ila mfano ambao mimi unaniuma mpaka leo ni wa Saiprasi. Oktoba 2009 serikali mpya ya Ugiriki ilitangaza kwamba nakisi ya bajeti (matumizi yanavyozidi mapato) ni kubwa mno kuliko ilivyokuwa inasemwa. Riba ikaanza kupaa, ikaambukiza Ireland, Ureno, mpaka Hispania na Italia. Mwaka 2012 wadai binafsi wa Ugiriki wakakubali kukatwa asilimia 53.5 ya kiasi kilichoandikwa kwenye hatifungani zao. Benki za Saiprasi zilikuwa zimezijaza hizo karatasi, zikaungua. Machi 2013 mambo yakafika mwisho, na watu wenye akiba Bank of Cyprus zaidi ya yuro 100,000 wakajikuta karibu nusu ya kile kilichozidi hapo kimegeuzwa hisa za benki bila kuulizwa. Mtu ana duka lake Nicosia, hajawahi kununua hatifungani ya Ugiriki maishani mwake, deni la Ugiriki limemfuata kwenye akaunti ya akiba.

Mdau_wa_Chuno

Mzee wangu shikamoo, na asante sana. Hiyo ya Saiprasi imenitisha zaidi ya maneno ya mjomba, kumbe hata anayeacha hela benki hajajificha popote. Hapo kwenye bei na riba nimeelewa kabisa. Bado Marekani, kwa sababu kama wote wanakimbilia kwao, wao wakishushwa daraja watu wanakimbilia wapi?

Mzee_wa_Shangani

Marahaba kijana. Swali zuri, na jibu lake limebadilika kadiri miaka inavyokwenda.

Standard & Poor's, wapima madeni kama Moody's, waliishusha Marekani tarehe 5 Agosti 2011, mara ya kwanza katika historia. Kilichofuata, hisa zilianguka lakini hatifungani za hiyo hiyo Marekani zilinunuliwa zaidi na riba yake ikashuka! Hakukuwa na soko lingine lenye ukubwa ule la kupokea hela yote ya dunia. Fitch, wapima madeni wengine, wakafuata Agosti 2023, Moody's ndo wakamalizia Mei 2025, na safari hii hali haikuwa ile, riba ya hatifungani yao ya miaka 30 ilivuka asilimia 5. Deni lilikuwa limeshapita dola trilioni 36.

Hiyo inatugusa kwa sababu kila mkopo wa dola duniani unapimwa kuanzia riba ya serikali ya Marekani. Mkopeshaji anajiuliza, kama Marekani ananipa 5 bila wasiwasi, huyu wa Afrika anipe ngapi? Kenya mwaka 2014 ilikopa dola bilioni 2 za miaka kumi kwa kuponi isiyofika asilimia 7. Deni lilipokaribia kuiva Juni 2024 ikabidi Februari mwaka huo wakope tena dola bilioni 1.5 ili wapunguze lile la zamani, na safari hii riba ilipita asilimia 10. Na hapo walishukuru soko limefunguka, kwa sababu tangu katikati ya 2022 hakuna nchi ya Afrika kusini mwa Sahara iliyouza Eurobondi (hatifungani za kukopa nje kwa hela ya kigeni) mpaka Ivory Coast ilipofungua njia Januari 2024.

Wala msidhani ni wanyonge peke yao. Septemba 2022 Uingereza, serikali ya Liz Truss ilitangaza kupunguza kodi kubwa kubwa bila kusema hela ya kuziba itatoka wapi. Hawakukosa kulipa deni la mtu. Ila ndani ya siku chache hatifungani zao za muda mrefu zilianguka, mifuko ya pensheni iliyokopa kwa dhamana ya hizo karatasi ikaanza kudaiwa dhamana zaidi, ikauza zaidi, bei ikaanguka zaidi, mpaka Benki Kuu yao ikaingia sokoni kununua. Mabenki yakaondoa mikopo ya nyumba sokoni kwa sababu hayajui yatoze riba gani. Kijana aliyekuwa anajipanga kununua nyumba ya kwanza akakosa mkopo kwa sababu ya hotuba ya waziri.

DadaKorosho_Newala

Naomba niongeze la kwetu kabisa maana mnaongelea dola kama ziko mbali.

Mi nafanya kazi na vyama vya msingi, kila msimu niko minadani. Mnunuzi anayeweka bei kwenye mnada wa korosho ghafi mara nyingi anazipeleka India au Vietnam, na wengi hawaji na hela yao mfukoni, wamekopa. Anainunua leo, inakaa ghalani, inasafiri, inabanguliwa, inauzwa, ndo hela inarudi baada ya miezi. Fanya hesabu, mzigo wa dola milioni moja kwa miezi sita, riba ikiwa asilimia 4 kwa mwaka gharama ya mkopo ni dola 20,000, riba ikiwa 8 ni dola 40,000. Ile elfu ishirini ya ziada hawezi kumtoza mla korosho wa Ulaya kirahisi, ataitoa kwenye bei anayoweka mnadani, yani kwa mkulima.

Ni kweli bei ya korosho ina mambo mengi, ubora, unyevu, mavuno ya Afrika Magharibi, na hata riba ya dola ilivyopanda kutoka karibu sifuri Machi 2022 mpaka zaidi ya asilimia 5 mwaka 2023 chanzo kilikuwa mfumuko wa bei wao zaidi ya deni. Lakini kwa mkopaji maumivu ni yale yale, na 2023 tukaona hapa nchini dola zenyewe zilivyoadimika. Mkulima wa Tandahimba anaambiwa "soko la dunia" basi, hakuna anayekaa naye akamwonyesha hiyo hesabu ya riba. Mimi naona ana haki ya kuijua.

Mwana_Nachingwea

Mi nasimama na mjomba kidogo, msimbeze mzee wa watu.

Mnaongea sana madeni ya nje, Ghana walikatwa deni la NDANI, kwa sedi, hela yao wenyewe. Desemba 2022 serikali ilitangaza kubadilisha hatifungani za ndani kwa mpya zenye kuponi ndogo na muda mrefu zaidi, mfumuko wa bei ukiwa zaidi ya asilimia 50. Wastaafu walienda kukaa na mabango nje ya wizara ya fedha pale Accra, na aliyekuwa Jaji Mkuu, mama Sophia Akuffo, akaenda kukaa nao Februari 2023. Baadaye wastaafu waliondolewa kwenye ule mpango, ila walipambana. Kwa hiyo kusema "serikali haiwezi kushindwa kwa hela yake yenyewe" si kweli. Inaweza kuamua kutolipa, au ikalipa kwa hela iliyopungua nguvu, na kwa mstaafu yote mawili yanauma.

Mzee_wa_Shangani

Nachingwea umesema kweli tupu na mimi sikupingi. Nakubali pia mjomba ana sababu ya kuogopa. Ninachokataa ni kuziweka serikali zote kapu moja. Japani deni lake ni zaidi ya mara mbili ya uchumi wake wote, lakini ni la yeni na wengi wanaolidai ni Wajapani wenyewe, miaka yote hii halijawaangusha. Ghana ilidaiwa dola nyingi sokoni, ikafungiwa mlango wa kukopa upya, na riba ikawa inameza sehemu kubwa mno ya makusanyo ya kodi. Sisi hatuna Eurobondi kubwa ya kuiva kwa mkupuo kama ile ya Kenya, na sehemu kubwa ya deni letu la nje ni mikopo ya taasisi kama Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika ambayo masharti yake ni nafuu. Siyo kinga ya kila kitu, lakini ni tofauti kubwa. Mama asiangalie ukubwa wa deni peke yake, aangalie riba inakula kiasi gani cha mapato ya serikali, deni ni la hela gani, na mfumuko wa bei unaelekea wapi.

Sasa kwa hela yenyewe. Kosa ninaloliona kwa wastaafu wengi ni kuweka yote kwenye ya miaka 25 kwa sababu kuponi ndo kubwa. Akiugua au mtoto akipata shida mwaka wa tatu ataenda kuuza soko la pili, yani kwa wanunuzi wengine kabla haijaiva, na kama riba zimepanda atauza kwa hasara hata kama serikali inalipa vizuri. Agawe. Kuna dhamana za serikali za muda mfupi (treasury bills) za siku 364, zinaanzia laki tano, kuna hatifungani za miaka 2, 5, 10, zinaanzia milioni moja, na ndefu achukue kwa ile hela tu ambayo ana uhakika hataigusa. Hela ya matibabu ibaki benki.

Hahitaji kwenda Dar, BoT wana tawi hapa Mtwara na benki yake inaweza kumfungulia akaunti ya CDS, ile inayotunza hatifungani zako kielektroniki, na kumpelekea maombi ya mnada. Kabla ya kujaza fomu asome kwenye tangazo vitu vitatu: kuponi, tarehe ya kuiva, na bei ya mnada uliopita. Na aulize benki inakata ada gani, waandike kwenye karatasi.