Je, kulegeza masharti ya ajira kutamfikisha kijana wa Mtwara kwenye kazi inayomfaa?

Mleta mada, Mtwara: Hoja inayorudiwa ni kwamba mwajiri akiweza kuajiri na kuachisha bila masharti mazito, ataajiri wengi, na kila mtu atafika upesi kwenye kazi anayoiweza. Kwa ubanguaji wa korosho naikubali, kwa sababu ustadi wa mbanguaji huonekana siku ileile: punje nzima huwekwa kando na vipande kando, na soko hulipa zaidi punje nzima, hivyo aliyepokea vibarua asubuhi huwa ameshaijua mikono yao jioni. Fundi wa kuchomelea mabomba hapimwi hivyo. Kiungo kibaya kinaweza kukaa miezi kabla hakijavuja, na kibarua cha wiki mbili hakimwonyeshi mwajiri lolote, wala hakimpi sababu ya kumfundisha mtu atakayeondoka kesho. Tena nafasi ya kujaribiana ipo tayari, kwa kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi aliyefanya kazi chini ya miezi sita kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Anayetaka ulegevu zaidi ya huo atueleze anautakia nini.

Mwenye karakana, Lindi: Ndugu yangu, miezi sita hupita upesi. Baada ya hapo nikimwachisha mtu nikakosea utaratibu, naitwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na karakana ya watu wanne haina mwanasheria. Kwa hofu hiyo namchukua mtoto wa shemeji, ambaye akiharibu tutamalizana nyumbani. Masharti yakilegezwa, nitathubutu kumpokea nisiyemjua.

Mleta mada: Hofu yako naielewa, kaka, ila tazama mahali ambapo sheria haifiki kabisa. Wapakiaji wa magunia msimu wa korosho huchukuliwa kwa siku na kuachwa kwa siku, bila notisi wala kiinua mgongo, na bado nyapara huanza na watu wa kwao. Ulegevu wote upo pale, na kujuana kupo palepale, kwa sababu kinachokosekana ni habari za kuaminika kuhusu mtu usiyemjua. Chukua mfano wa ujenzi wa bomba la gesi la kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam, lililozinduliwa mwaka 2015. Kibarua aliyetoka kwenye kazi ya namna ile bila karatasi ataonekana mgeni hata kwenye geti la kiwanda cha jirani. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri atoe cheti cha utumishi kazi inapokoma, na mimi ningeanzia hapo, kiandikwe kwa uaminifu mtu alifanya nini hasa na kwa muda gani. Akija kijana na cheti kinachotaja mabomba aliyochomelea na msimamizi wa kumpigia simu, bado utaanza na mtoto wa shemeji?

Mwenye karakana, Lindi: Huyo msimamizi ningempigia. Shemeji naye angenipigia mimi kabla sijamaliza kuongea.