Mjadala: Testi zinafeli ukitumia npm link. Tuirekebishe au tuiache kabisa?

Mleta mada:
Wakuu, hali ndiyo hii: una kifurushi cha JavaScript na mradi unaokitumia, vyote kwenye kompyuta yako. Unaviunganisha kwa npm link (amri ya npm, chombo cha kusakinisha vifurushi), ukurasa unafunguka bila tatizo. Ukiendesha testi, Jest, chombo cha kuendesha testi, inajaza skrini nyekundu: "Invalid hook call". Wengi huanza kufukua msimbo. Mimi kwanza nachungulia node_modules (folda ya vitegemezi) ya kifurushi chenyewe, na mara nyingi React nyingine, ile maktaba ya kuunda kurasa, naikuta imekaa humo.

npm link haikopi kitu, inaweka njia ya mkato tu. Node huifuata mpaka folda halisi ndipo ianze kutafuta vitegemezi. Kwa hiyo kifurushi kinachota React yake, iliyoletwa na devDependencies (vitegemezi vya wakati wa kutengeneza), na mradi unachota yake; nakala mbili hizo ndizo zinazoleta kosa lile. Ukurasa ulifunguka kwa sababu Vite, chombo kinachojenga ukurasa, iliwekewa resolve.dedupe ili itumie nakala moja, na Jest haisomi mipangilio ya Vite.

Hilo angalau linapiga kelele. Kinachoniudhi ni testi zinazopita kwa uongo. Faili ulilosahau kulitaja kwenye "files" ya package.json (orodha ya faili za kuchapishwa), ukitumia link lipo, maana folda nzima inaonekana. Ukichapisha, mtumiaji anakutana na "Cannot find module". Ndiyo maana nasema testi zilizopita kupitia link zisihesabike. Tumia npm pack, inayofungasha kifurushi kama kitakavyochapishwa, sakinisha ile .tgz, ndipo upime.

Mchangiaji:
Mkuu, hapo nakupinga. Nibadilishe mstari mmoja halafu nijenge, nifungashe, nisakinishe upya? Na package-lock.json inachafuka kila mara. Tangu npm 7 tuna workspaces: weka vyote kwenye hazina moja (repo), React inakaa juu kabisa, nakala moja. Kesi imekwisha.

Mleta mada:
Haijaisha. Workspaces nazo ni njia za mkato zilezile, na matoleo ya React yakigongana unapata nakala mbili kama kawaida. Tatizo la "files" liko palepale. Halafu mradi ukiwa wa mteja, hazina yake utaihamishia kwako?

Mchangiaji mwingine:
Mnabishania vitu viwili tofauti. Kazini kwetu mchana tunatumia link, na kwenye mipangilio ya Jest tumeweka moduleNameMapper, '^react$' ielekee '<rootDir>/node_modules/react'. CI, mfumo unaoendesha testi zenyewe kwenye seva, ndiyo inafanya npm pack kabla ya kuunganisha tawi. Haraka unaipata, na uongo unakamatwa.

Mchangiaji wa kwanza:
Hiyo naikubali, ila mapper ni mzigo. Leo React, kesho react-router, keshokutwa maktaba yoyote inayotegemea context (njia ya React ya kugawa data). Nani anaitunza hiyo orodha?

Mleta mada:
Aliyeandika npm link.