Mjadala: Kura 17 kwa 13. Je, Cal Raleigh alidhulumiwa MVP ya 2025?

Baharia wa Kent

Habari zenu wapenzi wa besiboli. Najua tuzo ya MVP (mchezaji bora) ya American League, moja ya ligi mbili za besiboli kuu ya Marekani, imeshatolewa, Aaron Judge wa Yankees ya New York kaibeba, na wengi wenu mmeshahamia kwenye kikapu. Mimi bado haijashuka kooni. Waandishi 30 wamepiga kura, 17 wamemweka Judge wa kwanza, 13 wamemweka Cal Raleigh wa Seattle. Anayemtetea Judge aje na hoja, asije na jezi.

Raleigh ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji mchana kutwa. Mwaka huu kapiga homrani 60, yaani mipira iliyopigwa ikatoka nje ya uwanja. Katika historia nzima ya ligi kuu waliowahi kufika 60 kwa msimu ni watu saba: Ruth, Maris, McGwire, Sosa, Bonds, Judge mwenyewe mwaka 2022, na sasa huyu. Mdakaji mwingine yeyote hajawahi kufika hata 50. Rekodi ilikuwa 48 za Salvador Perez mwaka 2021. Kapita pia 54 za Mickey Mantle za 1961, ambazo zilikuwa rekodi ya wapigaji wa mikono yote miwili, na kapita 56 za Griffey hapa hapa Seattle. Kaongoza ligi kwa mikimbio (alama) aliyoiingiza, 125. Usiku ule wa 24 Septemba alipopiga ya 60 ndio usiku tuliochukua kundi la West, mara ya kwanza tangu 2001.

Mlitaka afanye nini zaidi, auze na karanga majukwaani?

Mzee wa Bronx

Kijana, karanga tungenunua. MVP hatumpi.

Umetaja homrani mara nyingi, wastani wa kupiga (sehemu ya majaribio yake ambayo mpira alioupiga unampatia besi) hukuutaja hata mara moja, na najua kwa nini. Raleigh .247. Judge .331, bingwa wa ligi nzima, pamoja na homrani 53. Lakini tuache wastani, maana vijana wa siku hizi mnauona wa kizee. Tutazame kufika besi kwa njia yoyote ile, zikiwemo zile besi za bure anazopewa mpigaji mrushaji akishindwa kumtupia mipira mizuri. Judge .457, Raleigh .359.

Sasa hesabu na mimi. Katika kila mara 100 wanazosimama kupiga, Judge anatolewa mara 54, Raleigh mara 64. Judge alisimama karibu mara 680 msimu huu. Tofauti hiyo ni kutolewa mara 66 hivi. Timu ina nafasi 27 za kutolewa kwa mechi, basi. Yaani Raleigh kala nafasi za karibu mechi mbili na nusu zaidi ya Judge. Homrani saba za ziada hazilipi deni hilo.

Baharia wa Kent

Shikamoo mzee. Hesabu yako naikubali, ila umehesabu upigaji tu. Judge akishamaliza kupiga anarudi uwanja wa kulia kusubiri mpira ambao huenda usije. Raleigh anarudi kupokea kila mpira wa mrushaji, zaidi ya mia kwa mechi, magoti yamekunjwa, na mingine inamgonga kidole, bega, barakoa. Na uwanja wetu ni mgumu kwa wapigaji kuliko karibu wote, kila mtu anajua. Yankee Stadium ule ukuta wa kulia futi 314 hata mimi ningepiga.

Mzee wa Bronx

Marahaba. Ule ukuta wa futi 314 uko kulia, na Judge anapiga kwa mkono wa kulia. Mipira yake mingi ya kuvuta inakwenda kushoto. Anayefaidi kona ile ni anayepiga kwa kushoto, na mtu wenu anapiga pande zote mbili. Angekuwa kwetu angefika 70!

Binti Tanga (Minneapolis)

Hapo kwa ukuta mzee kashinda. Hoja ya viwanja nayo ina mizani yake: kuna kipimo cha upigaji ambacho viwanja vimeshasawazishwa, na 100 ni mchezaji wa kawaida wa ligi. Raleigh yuko kama 160. Judge amevuka 200, maana yake kama mpigaji ana thamani mara mbili ya mtu wa kawaida, hata baada ya kumwonea huruma anayecheza Seattle. Kwa upigaji peke yake hakuna mjadala, na Baharia, nakushauri uiache hiyo mapema.

Mjadala uko kwenye udakaji. Huku Minnesota tuna ugonjwa huo tangu zamani, maana mdakaji wa mwisho kupata MVP ya American League ni Joe Mauer wetu, mwaka 2009. Lakini Mauer aliongoza ligi kwa wastani, .365. Alikuwa mdakaji mwenye upigaji wa Judge. Raleigh ni mdakaji mwenye nusu ya upigaji wa Judge, yaani ile nusu ya nguvu.

Mtoto wa Azania

Naomba kuuliza jamani, msinicheke. Mimi niko Dar, besiboli nimeijulia shuleni kwa walimu wa Kijapani, kwa hiyo kukimbia besi najua ila hizi takwimu zenu zinanipita. Kila mahali naona WAR, WAR. Ni nini hasa? Na mbona kila tovuti ina namba yake?

Binti Tanga (Minneapolis)

Hakuna wa kukucheka, mdogo wangu, umeuliza swali lenyewe.

WAR inajaribu kukusanya kila kitu anachofanya mchezaji (kupiga, kukimbia, kulinda, ugumu wa nafasi yake) na kukigeuza kuwa idadi ya ushindi. Inauliza: tukimtoa huyu tukamweka mchezaji wa akiba wa kawaida, ambaye timu yoyote ingempata kwa bei rahisi, tutapoteza ushindi wa mechi ngapi? Jibu likiwa 8 na zaidi ni msimu wa kugombea MVP.

Mwaka huu kuna mahesabu mawili makubwa. FanGraphs wanampa Judge kama 10 na Raleigh kama 9. Baseball-Reference wanampa Judge karibu hiyo hiyo, lakini Raleigh anashuka hadi kwenye 7. Mtu yule yule, msimu ule ule, ushindi karibu mbili umeyeyuka. Umekwenda wapi?

Umekwenda kwenye glovu. Mdakaji stadi anapokea mpira uliopita pembeni kidogo ya eneo la straiki (pale ambapo mpira unahesabiwa dhidi ya mpigaji hata asipoupiga), anauvuta ndani taratibu bila kishindo, na mwamuzi aliyesimama nyuma yake anaita straiki. Kwa msimu mzima straiki za namna hiyo ni nyingi, na kila moja inapunguza nafasi ya mpigaji. FanGraphs wanazihesabu. Baseball-Reference hawazihesabu. Kwa hiyo ukiniuliza nani bora kwa WAR, nitakuuliza kwanza kama unaamini kwamba kumshawishi mwamuzi ni kazi ya mchezaji au ni kosa la mwamuzi.

Kisauni Original

Kwa hivyo mwenzetu analilia tuzo ya wizi wa straiki. Pwani tunaita hiyo ujanja wa feri.

Mdakaji wa Lugazi

Ndugu wa Kisauni, siyo wizi. Mimi nimedaka, sasa nafundisha watoto, na ninasema kutoka kwa magoti yangu. Mpira ukija kasi, glovu inataka kwenda nao nje. Kuituliza pale pale kwenye ukingo kunataka kifundo cha mkono chenye nguvu na jicho lililoujua mpira kabla haujafika. Unaifanya hiyo ukiwa na mchezaji kwenye besi ya kwanza anayetaka kukuibia ya pili, kwa hiyo unadaka huku mguu unajiandaa kusimama na kurusha.

Watu wa Uganda mnamkumbuka Dennis Kasumba, video zake za mazoezi zilizunguka dunia nzima, anadaka akiwa amechuchumaa na matofali na tairi kuukuu. Wengi waliona umaskini. Mimi niliona mtoto anayefanya kazi ya mdakaji vizuri.

Na kuna kitu ambacho WAR zote mbili zimekiacha: nani anachagua mpira gani urushwe. Seattle msimu huu warushaji Kirby, Gilbert na Miller wote waliumia kwa nyakati tofauti. Warushaji wanaingia wanatoka. Mtu aliyebaki pale akijua udhaifu wa kila mpigaji wa ligi ni yule mdakaji. Hiyo utaiweka kwenye safu gani ya jedwali?

Mzee wa Bronx

Ssebo, nakuheshimu, lakini hapo ndipo mnaponichosha. Kila mkishindwa kwa namba mnasema kuna kitu kisichohesabika. Kama hakihesabiki, umejuaje kwamba Raleigh anacho kuliko wadakaji wengine 29? Huenda anacho. Huenda ni makocha wanaotuma alama kutoka benchi. Ushindi wa kudhaniwa siuweki kwenye mizani pamoja na .457.

Mdakaji wa Lugazi

Kwa hiyo kisichohesabika ni sifuri? Hilo nalo ni dhana, mzee. Na ni dhana ambayo siku zote inamwangukia mdakaji.

Baharia wa Kent

Webale nyo, asante sana! Hiyo hiyo ndiyo hoja yangu, ila mimi sikuwa na maneno yake. Tena tusisahau: Judge kiwiko kilimuuma mwishoni mwa Julai, na Agosti karibu yote akawa anapiga tu, halindi. Raleigh alicheza mechi 159 kati ya 162.

Binti Tanga (Minneapolis)

Baharia, kuwa mkweli basi uimalizie: kati ya hizo 159, karibu 40 Raleigh naye alikuwa DH, anapiga tu. Bado ni mdakaji aliyefanya kazi kupita kiasi, mechi zaidi ya 110 akidaka nyuma ya mpigaji ni nyingi mno. Lakini usiandike kama aliivaa barakoa siku zote 159.

Kisauni Original

Mimi swali langu ni la kisiasa. New York ina magazeti, ina TV, ina kila kitu. Seattle iko kule mwisho wa ramani, mechi zao zinaanza watu wa mashariki wakiwa wamelala. Mnasema hilo halikuingia kwenye kura?

Mzee wa Bronx

Halikuingia. Kila mji wenye timu ya American League unatoa wapiga kura wawili. Timu 15, kura 30. New York wawili, Seattle wawili.

Na piga hesabu ya pointi: nafasi ya kwanza 14, ya pili 9. Judge 355, Raleigh 335. Ukizidisha 17 kwa 14 na 13 kwa 9 unapata 355 kamili. Ukimgeuzia Raleigh unapata 335 kamili. Maana yake hakuna hata mwandishi mmoja aliyemshusha yeyote kati yao hadi nafasi ya tatu. Dhuluma gani hiyo isiyo na mdhulumu?

Kisauni Original

Mzee umenimaliza. Ila watu wawili wawili wanaweza kusoma gazeti moja.

Mtoto wa Azania

Asanteni, nimeanza kuelewa. Swali la pili: Raleigh na Seattle walifika mechi ya saba ya fainali ya American League na Toronto, wakabakiza mechi moja tu waingie World Series, fainali kuu, kwa mara ya kwanza. Hiyo haikumwongezea kitu?

Binti Tanga (Minneapolis)

Hapana, kura zinakusanywa kabla ya mchujo kuanza. Toronto ingemvunja moyo au isingemvunja, karatasi zilikuwa zimeshafungwa.

Kuna jambo moja naona mmelipita. Mwaka 2012 Miguel Cabrera alichukua Triple Crown, wa kwanza tangu Yastrzemski mwaka 1967: wastani, homrani, mikimbio. Mike Trout alikuwa mbele kwa WAR kwa mbali. Wazee wakasimama na Cabrera, watu wa takwimu na Trout, na Cabrera akashinda kura 22 kwa 6. Mwaka huu kambi zimechanganyika. Wastani na WAR vyote viko kwa Judge. Homrani, mikimbio, na ile hadithi ya timu ndogo viko kwa Raleigh. Namwona Mzee wa Bronx, ambaye nina hakika mwaka 2012 alikuwa upande wa Cabrera, leo anahesabu asilimia ya kufika besi kama mhasibu.

Mzee wa Bronx

Nilikuwa wa Cabrera, na leo bado ni wa Cabrera. Mtu akiongoza safu tatu nampa. Raleigh kaongoza mbili.

Baharia wa Kent

Na Judge kaongoza ngapi kati ya hizo tatu, mzee?

Mzee wa Bronx

Moja. Unataka kunitega. Lakini kaongoza ligi pia kwa kufika besi na kwa nguvu ya kupiga, .688, na waliomwogopa wakampa besi ya bure kwa makusudi mara 36. Warushaji wenyewe wameshapiga kura yao.

Mdakaji wa Lugazi

Mwakani mambo yatageuka kidogo. Ligi imeshapitisha kwamba kuanzia 2026 mpigaji, mrushaji au mdakaji anaweza kupinga uamuzi wa straiki, mashine inaamua papo hapo, na kila timu inaanza mechi na nafasi mbili za kupinga. Zile straiki za ukingoni ambazo Binti Tanga amezieleza zitapungua thamani. Lakini mdakaji ndiye anayeuona mpira vizuri kuliko wote, kwa hiyo atakuwa mpingaji mzuri kuliko wote. Hiyo itahesabika, mzee, mpaka mara ngapi alipinga na mara ngapi alikuwa sahihi.

Mzee wa Bronx

Ikihesabika nitakuja hapa niisome.

Baharia wa Kent

Msimu unaanza Machi. Na Raleigh bado ni wetu.