MREJESHO: Wapi pa kutafuta kwa kigunduzi cha metali kwenye viwanja vya michezo

Wakuu, habari zenu. Niliuliza hapa nianzie wapi na kigunduzi cha metali kwenye uwanja wa mpira, wengi mkanishauri niachane na katikati, nifuate pembeni walikosimama watu. Asanteni sana, mlisema kweli.

Nilipata ruhusa ya msimamizi wa uwanja kwanza. Akanionyesha mabomba ya kumwagilia yanakopita, jambo lililoniokoa na kelele nyingi za chuma.

Sehemu iliyolipa kuliko zote ni ule mteremko wa nyasi wanapokaa mashabiki. Mtu akikaa kwenye mteremko, sarafu zinateleza mfukoni bila yeye kujua. Nyuma ya magoli na wachezaji wanapoweka mabegi kulikuwa na funguo, na chini ya mti wa kivuli nikatoa pete ya fedha, imelala kina cha kidole tu, imekuwa nyeusi lakini nzima.

Vile vipete vya kufungulia makopo vimejaa kweli, ila msiiweke mashine ivipuuze: pete nyingi za dhahabu hutoa mlio unaokaribiana na wa vipete hivyo. Mimi nachimba vyote.

Kuhusu nyasi, nachimba siku udongo una unyevu. Nakata pande tatu, nafunua kama kifuniko, narudisha na kukanyaga. Wachezaji wasije wakavunjika miguu kwa sababu yetu.

Funguo nimemkabidhi msimamizi, na pete pia, maana huenda mwenyewe bado anaitafuta.