Je, Knausgård alikuwa na haki ya kuanika ukoo wake?

Wakuu, naomba tulijadili hili bila jazba.

Kati ya 2009 na 2011 mwandishi wa Norway, Karl Ove Knausgård, alitoa riwaya yenye juzuu sita, Min kamp (yaani "Mapambano Yangu"), kurasa zipatazo 3,600. Ni maisha yake mwenyewe: mke, watoto, marafiki, wengi kwa majina yao halisi. Nchi yenye watu kama milioni 5 ikanunua karibu nakala nusu milioni, na juzuu ya kwanza ikatwaa tuzo ya Brage, tuzo ya fasihi ya Norway.

Juzuu hiyo ndiyo inayonisumbua. Baba wa mwandishi alikuwa mwalimu, pombe ikammaliza, akafia nyumbani kwa mama yake mzazi, katika mji wa Kristiansand. Mwandishi na kaka yake wanaingia mle ndani: chupa tupu kila mahali, nguo zimeoza, bibi kizee amekaa katikati ya uvundo ule. Wanashika ndoo na dawa, wanasugua siku baada ya siku. Nimesoma kurasa zile mara mbili na zote mbili nililia, kwa sababu anayesugua ni mtoto aliyekulia kwenye woga wa baba huyohuyo.

Sasa, ndugu 14 wa upande wa baba walipeleka barua kwenye gazeti la Klassekampen, wakaiita kazi ile fasihi ya Yuda, yaani ya usaliti. Ami yake alitishia kwenda mahakamani. Mke wake wa kwanza, Tonje Aursland, alitengeneza kipindi cha redio kueleza inavyokuwa mtu ukigeuzwa mhusika wa kitabu bila kutaka.

Mimi nasema alikosea. Utoto wake ni mali yake, aandike atakavyo. Lakini aibu ya yule bibi haikuwa yake kuigawa.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, hapo umemwonea. Alipeleka mswada kwa wahusika kabla haujachapwa. Jina la ami likabadilishwa, na la baba halimo kabisa. Tena mficha maradhi kifo humuumbua: ni familia ngapi zina mlevi chumba cha nyuma na kila mtu anajifanya hamwoni? Watu walikinunua kwa sababu walijiona humo.

Mwanzisha mada:
Jina la baba kutokuwemo linasaidia nini, ndugu yangu, wakati jina la ukoo liko kwenye jalada? Kristiansand si jiji kubwa. Na kumpelekea mtu mswada si kumwomba ruhusa. Ami alikataa, kitabu kikatoka.

Mchangiaji wa pili:
Dawa ya kitabu ni kitabu. Mwaka 2016 Vigdis Hjorth, naye wa Norway, aliandika riwaya kuhusu binti anayesema baba yake alimnajisi utotoni. Wasomaji wakaichukulia kuwa ni familia yake. Dada yake, Helga, mwanasheria, hakukimbilia kortini. Mwaka uliofuata alitoa riwaya yake, akasimulia upande wake. Wasomaji wakapima wenyewe.

Mwanzisha mada:
Dada, mfano huo ni mzuri na nimeufikiria sana. Ila Helga alikuwa hai, amesoma, na alipata mchapishaji. Bibi wa Kristiansand angejibu kwa kalamu ipi?