Naomba ushauri: Shylock tumwigize vipi?

Wakuu habari zenu. Nasimamia kikundi cha vijana wa maigizo mtaani kwetu, nao wamechagua Mabepari wa Venisi, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969 ya tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice. Naipenda sana tamthilia hii, ila onyesho la mahakamani linanikaba. Shylock, Myahudi mkopeshaji fedha, ananoa kisu kwenye soli ya kiatu, tayari kumkata Antonio, mfanyabiashara aliyeshindwa kumlipa deni, ratili ya nyama ya mwili wake, na unamchukia kweli. Kisha kibao kinageuka: mali inamponyoka, analazimishwa awe Mkristo, Gratiano, rafiki wa Antonio, anamzomea palepale. Tunatarajiwa kushangilia. Mimi nashindwa.

Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290, karne tatu kabla ya Shakespeare kuandika, kwa hiyo watazamaji wake wengi walimjua Myahudi wa hadithi tu. Hilo naweza kulielewa. Lakini mwaka 1943 Wanazi waliipandisha jukwaani Vienna, na hilo haliniondoki.

Hata hivyo ni Shakespeare huyohuyo aliyempa Shylock nafasi ya kuuliza kama Myahudi hana macho, kama akichomwa hatoki damu. Tukifuta matusi anayotupiwa, swali hilo litatoka wapi?

Mazoezini kijana mmoja alikuja na pua ndefu ya bandia, wenzake wakaangua kicheko. Nimeikataza.

Mliowahi kuiigiza au kuifundisha: matusi mliyaacha? Na baada ya hukumu, Shylock mlimtoaje jukwaani ili watu wasimcheke?