Kurudi Singida kutoka Wuhan baada ya kuhitimu: vyeti, kibali na mizigo

Mnyaturu_Wuhan
Wakuu, habari za saa hizi. Namaliza shahada ya kwanza ya uhandisi ujenzi hapa Wuhan mwezi wa sita. Kibali cha ukaazi kimeandikwa kuisha 15 Julai. Njia: treni ya mwendokasi hadi Guangzhou, ndege kupitia Addis Ababa hadi Dar, treni ya SGR hadi Dodoma, halafu basi hadi Singida. Tiketi inaruhusu mabegi mawili ya kilo 23. Nina katoni tatu za vitabu, duveti mbili, jiko la umeme la wali, kompyuta ya mezani na pawabenki mbili. Nianze na lipi, na watu hukwama wapi?

Mhifadhi_Vyeti
Mdogo wangu, anza na vyeti. Katoni iliyobaki rafiki anaweza kukutumia, ila kufuatilia mihuri ya Wuhan ukiwa Singida ni kazi ya miezi.

China inatoa vyeti viwili: biye zhengshu, kinachoonyesha umemaliza masomo, na xuewei zhengshu, ambacho ndicho cha shahada. Ondoka na vyote. Siku ya kuvipokea, usitoke dirishani kabla hujalinganisha jina, tarehe ya kuzaliwa na pasipoti, herufi kwa herufi. Majina yetu matatu mara nyingi hukatwa au kupangwa kinyume kwenye mifumo yao. Kosa lililoonekana siku hiyo hiyo hurekebishwa kirahisi kuliko baada ya miaka miwili. Na cheti cha huko kikipotea hakichapwi kingine. Unapewa hati ya uthibitisho tu.

Transkripti omba ya Kiingereza yenye muhuri wa chuo, nakala tatu au nne, kwenye bahasha zilizofungwa. Halafu ingia CHSI, tovuti ya Wizara yao ya Elimu ya kuhakiki vyeti, uchukue ripoti ya cheti cha kuhitimu na ya shahada. Fanya hivyo wakati namba yako ya simu ya China bado inafanya kazi, maana namba za siri za kuingilia hutumwa kwenye simu.

Kuhusu mihuri: China ilianza kutumia apostili (muhuri mmoja unaotambulika kwenye nchi zote wanachama wa mkataba wake) 7 Novemba 2023, na ofisi nyingi zitakuambia hiyo inatosha. Lakini apostili hufanya kazi kati ya nchi wanachama, na Tanzania haikuwa mwanachama China ilipojiunga. Njia yetu ni ile ndefu: mthibitishaji wa serikali, ofisi ya mambo ya nje ya mkoa wa Hubei, kisha ubalozi wetu Beijing. Tenga wiki kadhaa. Ukifika nyumbani utaomba TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) itambue shahada yako, na kwa mhandisi ndipo ufuate ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi). Vyeti vya NECTA vya kidato cha nne na cha sita viwe tayari, na pasipoti yenye kurasa za viza usiitupe hata ikiisha muda.

Kituo_cha_Treni
Naongezea la kibali, kwa sababu hapo tarehe huwadanganya wengi. Usitegemee 15 Julai iliyochapwa. Chuo kikishatoa taarifa kwa uhamiaji kwamba umehitimu, kibali cha mwanafunzi kinaweza kufupishwa. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni uulize watatoa taarifa lini, na kama mihuri itachelewa, omba viza ya kukaa kwa muda kabla kibali hakijafa. Kuzidisha muda ni faini ya yuani 500 kwa siku, ukomo wake 10,000, na kuna uwezekano wa kuwekwa mahabusu.

Kwenye treni kila begi hupita kwenye mashine, hata lile unalokwenda kulitia tumboni mwa ndege. Kisu cha jikoni ulichokificha katikati ya nguo kitatolewa stesheni ya Wuhan. Kigawe kwa wanaobaki.

Pawabenki hukaa begi la mkononi, kamwe si begi la kupima. Kikomo ni Wh 100 (wati-saa). Hesabu yake: mAh mara 3.7, gawanya kwa 1,000. Ya 20,000 ni Wh 74, inapita. Iliyofutika maandishi huchukuliwa hata kama ni ndogo. Ukiamua kuruka Wuhan–Guangzhou badala ya treni, tangu 28 Juni 2025 ndege za ndani za China zinadai alama ya 3C, ile ya usalama wa bidhaa ya China, kwenye pawabenki.

Addis: ukikaa pale zaidi ya saa 12, Dar wanaweza kudai kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, basi usingoje wiki ya safari.

Dada_wa_Forodha
Nije kwenye mizigo. Pima kila katoni kwa futi kamba kabla ya kuzungumza na wakala. Katoni ya sentimita 60 × 40 × 40 ni mita za ujazo 0.096, kwa hiyo kumi karibu zinajaza CBM moja, yaani mita moja ya ujazo. Kwa ndege, zidisha vipimo ugawe kwa 6,000: katoni hiyo inahesabiwa kilo 16 hata ikiwa na duveti la kilo 5. Ndiyo maana duveti halisafirishwi. Liuze au ligawe. Vitabu ni kinyume chake, vizito lakini vidogo, na meli hutoza nafasi. Vipeleke kwa meli, ukivifunga kwa nailoni ndani ya katoni kwa ajili ya unyevu.

Vitu vyako binafsi ulivyokwisha kuvitumia vina msamaha wa ushuru unaporudi kuishi, na mizigo inayokuja nyuma yako inatakiwa ifike ndani ya siku 90 tangu ulipoingia. Tatizo ni kontena la kuchangia: wakala hutangaza vyote kwa jina lake kama bidhaa, na bei yake ya CBM tayari ina ushuru ndani. Katoni tatu hazistahili kugombaniwa. Ukiwa na nyingi, dai hati ya mzigo yenye jina lako na orodha ya vitu. Usichanganye vitu vipya vinavyofanana. Simu sita kwenye maboksi ni biashara.

Jiko la wali litafanya kazi, volti 220 kwa 230 hakuna shida, badilisha plagi tu.

Mnyaturu_Wuhan
Asanteni sana dada na kaka zangu. Kompyuta ya mezani je?

Kituo_cha_Treni
Uza kasha na pawa saplai. Chomoa kadi ya michoro na feni kubwa ya prosesa, kwa sababu uzito wake huvunja ubao mama begi likirushwa. Ubao na kadi vifunge kwa mifuko ya kuzuia umeme tuli katikati ya nguo. Diski ziwe mkononi mwako, pamoja na vyeti.